Siku Niliyokwenda Efteling na Opa na Oma: Somo Kuhusu Ukweli Wakati wa Uchumba



Leo tuongee kuhusu kumwambia mchumba ukweli, na hasa ule unaohusu uzazi. Najua wengine mtasema hiyo ni mada ya semina ya ndoa. Ni kweli, ila kwenye semina niliyohudhuria mimi tuliigusa kwa dakika tano hivi, halafu tukahamia kwenye bajeti ya harusi. Kwa hiyo nitawashirikisha namna nilivyofundishwa mimi, na wazee wawili, kwenye bustani ya michezo ya watoto.

Kwa sasa niko masomoni Tilburg, kusini mwa Uholanzi. Parokiani ninaposali kuna mume na mke, yeye ana miaka 78 na mkewe 76. Wamefunga ndoa miaka 52 iliyopita na hawana mtoto. Kila Jumapili baada ya Misa wanatukaribisha kwao wanafunzi wa kigeni tunywe supu, na sisi sote, Wahindi, Wanigeria, na mimi Mtanzania peke yangu, tunawaita Opa na Oma, yaani babu na bibi.

Mwezi wa tano Opa akaniambia, "Jumatano tunakwenda Efteling. Twende wote, Oma akichoka utanisaidia kumsukuma."

Efteling iko kijiji cha Kaatsheuvel, si mbali na hapa. Ni bustani kubwa sana ya michezo na hadithi, na Waholanzi karibu wote waliwahi kupelekwa huko wakiwa wadogo. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mwanzo wake ni wa kiparokia kabisa. Miaka ya 1930 mapadre wa pale kijijini walitaka vijana wawe na mahali pa kuchezea mpira na kutembea, wakaanzisha uwanja ulioitwa wa Romani Katoliki hata kwa jina. Baadaye, mwaka 1952, ndipo ukafunguliwa msitu wa hadithi, uliochorwa na msanii Anton Pieck. Opa alikuwa na miaka sita. (Viongozi wa VIWAWA mnaosumbuka na kiwanja cha parokia, msikate tamaa.)

Kiukweli nilikwenda kwa shingo upande. Nilikuwa na jambo moyoni na sikutaka kuzungukwa na watoto siku nzima. Nitalieleza.

Kabla sijaja huku nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba uwezekano wangu wa kubeba mimba ni mdogo. Hakusema haupo, alisema mdogo. Wakati huo tayari nilikuwa na mchumba, na barua ya posa ilishafika nyumbani. Aliyejua ni mama na shangazi tu. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, mwanaume haambiwi kila kitu. Funga ndoa kwanza, Mungu ataonyesha njia." Nikalipokea neno hilo kama imani. Mchumba wangu alijua nimefanyiwa upasuaji, akaniuguza vizuri, na nikamwambia mambo yote yako sawa.

Basi, Jumatano tukaingia Efteling saa nne asubuhi. Oma ana kigari chake chenye kikapu na magurudumu manne anachoshikia akitembea, na humo alikuwa amepakia mkate na jibini, chupa ya chai ya kahawa, na mfuko umejaa karatasi chakavu. Nikashangaa karatasi za nini. Kumbe kule kuna mapipa ya taka yenye umbo la mtu mnene mwenye kinywa wazi, anaitwa Holle Bolle Gijs. Ukiwa karibu anaita umpe karatasi, ukiweka mkono mdomoni mwake hewa inaivuta karatasi, naye anashukuru. Opa, mzee wa miaka 78, alipanga foleni nyuma ya watoto wa chekechea akamlisha yule jamaa karatasi moja moja mpaka mfuko ukaisha. Oma alicheka mpaka akafuta machozi. Eti anafanya hivyo kila mwaka!

Tulimwona Langnek, mtumishi wa hadithini mwenye shingo inayorefuka kwenda juu kupita vichaka. Tulipita karibu na Python, ile treni inayogeuza watu miguu juu, Opa akaitazama kwa hamu na Oma akamwambia hapana kabla hajafungua mdomo. Kwenye foleni moja mama mmoja mwenye watoto watatu akamuuliza Oma kwa uchangamfu, "Leo mmekuja na wajukuu wangapi?" Mimi nikaangalia chini. Oma akajibu, "Mmoja," akanigusa bega.

Mchana tukaingia kwenye pango la Mayungiyungi ya India. Ni giza, kuna maji, vyura na mabata bukini wanapiga muziki, na mayungiyungi yanafunguka, vinatokea visichana vya kichawi vinacheza juu yake. (Muziki wenyewe unaitwa Afrikaan Beat, aliutunga Mjerumani, Bert Kaempfert. Mimi Mwafrika pekee mle ndani sikuitambua hiyo Afrika, lakini mguu wangu ulicheza.) Hadithi hiyo iliandikwa na Fabiola, Mhispania aliyetoa kitabu cha hadithi kumi na mbili za watoto mwaka 1955. Mwaka 1960 akaolewa na Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, yule Mkatoliki aliyekataa kutia saini sheria ya utoaji mimba mwaka 1990. Pango la hadithi yake likafunguliwa Efteling mwaka 1966. Huyo mwandishi wa hadithi za watoto hakupata mtoto. Alipoteza mimba tano, na jambo hilo alilisema mwenyewe hadharani mwaka 2008 akiwa mjane.

Oma ndiye aliyenieleza habari za malkia, tulipotoka tukakaa kwenye benchi. Akanimiminia kahawa. Halafu, kwa sauti ileile ya kuulizia sukari, akaniambia kwamba yeye alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka 19 na akajua hatazaa. Mama yake akamkataza kumwambia mchumba. Akafunga ndoa na Opa akiwa amenyamaza, akanyamaza miaka mitatu. Kila mwezi Opa alikuwa anamfariji, "Tutajaribu tena," naye anageukia ukutani analia.

"Nilipomwambia," Oma akasema, "hakugomba. Alitoka nje akasafisha baiskeli saa mbili nzima."

Opa alikuwa anamenya yai. Akasema, "Ilikuwa safi tayari."

Nikamuuliza, samahani Opa, uliumia kwa sababu ya watoto? Akafikiri. Akasema watoto aliwalilia, asiseme uongo, na bado kuna siku. Lakini kilichomuuma zaidi ni ile miaka mitatu. Mke wake alikuwa analia peke yake kitandani, na yeye yupo palepale, amelala, hajui. "Nilikuwa mume wake," akasema, "na sikupewa nafasi ya kuwa mume wake."

Sikuweza kunywa ile kahawa.

Sasa turudi kwenye mafundisho, maana niliporudi chumbani nilifungua vitabu. Kanisa linasema wazi, Kanoni 1084 kifungu cha 3 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 50, unafundisha kuwa ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi peke yake. Hata watoto wanaotamaniwa wasipokuja, ndoa inabaki na thamani yake na haivunjiki. Katekisimu namba 1654 inaongeza kuwa wenzi wasiojaliwa watoto wanaweza kuzaa matunda ya upendo, ukarimu na sadaka. Nikiisoma hiyo naona sufuria ya supu ya Oma. Kwa hiyo yule anayekwambia "mwanamke asiyezaa si mke" haongei kwa niaba ya Kanisa, hata kama ni mama mkwe na yuko kwenye kamati ya parokia.

Lakini soma Kanoni 1084 mpaka mwisho. Inakuelekeza kwenye Kanoni 1098, na hapo ndipo nilipobanwa. Hiyo inasema mtu akidanganywa kwa makusudi ili akubali kuoa au kuolewa, kuhusu hali ya mwenzake ambayo inaweza kuvuruga sana maisha yao ya ndoa, basi hakufunga ndoa halali. Si kila aliyenyamaza ndoa yake ni batili, tusianze kuhukumiana kwenye jumuiya. Hayo yanapimwa na mahakama ya Kanisa. Ila mimi sikuwa nimenyamaza tu. Nilisema mambo yote yako sawa, na niliyasema ili posa isirudi.

Na hili ni kwa wakaka pia. Nyie ndio hata kupima hamtaki, halafu dada wa watu anazungushwa kwa waganga miaka kumi.

Kwenye Biblia napenda kumwangalia Elkana, 1 Samweli sura ya 1. Tunamkumbuka Hana na machozi yake, lakini mumewe alikuwa anajua anacholilia. Alimuuliza, alimpa fungu lake la chakula, alijaribu kumfariji, labda si kwa maneno mazuri sana. Ila alikuwepo ndani ya jambo lenyewe.

Alhamisi ile, saa tatu usiku huku, saa nne kwetu, nilimpigia mchumba wangu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi na sikuyasoma. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamtajia mwezi. Akahesabu. Akasema, "Kwa hiyo siku ile nakuletea uji hospitalini ulikuwa unajua." Nikasema ndiyo. Akaniomba nimpe wiki mbili, asipigiwe simu.

Shangazi amekasirika, anasema nimeharibu kwa mikono yangu. Oma sijamwambia chochote, ila Jumapili alinitazama akaniongezea supu bila kuuliza.

Leo ni siku ya tisa. Naomba mtuombee fumbo moja la Rozari, mimi, na yeye zaidi.

Tumsifu Yesu Kristo.