Ufahamu na Ufupisho: Mgeni Juu ya Maji

Kifungu cha somo hili kinahusu visiwa vya Maldivi, nchi ambayo watahiniwa wengi huijua kwa picha za kalenda tu. Nimekichagua kwa makusudi. Kila mwaka naona jambo lilelile darasani: kifungu kikiwa cha shamba la mahindi, wanafunzi hujibu vizuri, kikiwa cha mahali wasipopajua, huanza kubahatisha, na anayebahatisha huandika anayoyajua yeye badala ya yaliyoandikwa. Hapo ndipo alama zinapopotea, tena alama za bure kabisa, kwa sababu majibu yote yako mbele ya macho yako.

Soma kifungu mara mbili. Mara ya kwanza weka kalamu chini. Mara ya pili soma maswali kwanza, kisha rudi kwenye kifungu ukipigia mstari sehemu zinazohusika.

KIFUNGU

Nyumba za wageni zinazojengwa juu ya maji hazikuanzia Maldivi. Zilianza mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea, Polinesia ya Kifaransa, ambako Wamarekani watatu walikuwa na hoteli mahali pasipo na ufukwe mzuri wa mchanga. Kwa kuwa mgeni hakuwa na ufukwe wa kushukia baharini, walimjengea chumba juu ya bahari yenyewe. Maldivi ilifungua hoteli yake ya kwanza ya kitalii mwaka 1972, na baadaye nyumba za aina hiyo zikaenea huko hata zikawa ndiyo sura ya nchi machoni pa watu wa mbali. Nchi hiyo ina visiwa karibu 1,200, lakini vinavyokaliwa na wananchi ni takriban 200 tu. Hoteli nyingi zimejengwa kwa utaratibu wa kisiwa kimoja, hoteli moja. Ukishuka huko huoni kijiji wala soko. Wapo wageni na wafanyakazi basi.

Kutoka uwanja wa ndege ulio karibu na Malé, mji mkuu, mgeni huchukua boti au ndege ndogo inayotua majini. Ndege hizo huruka mchana tu, kwani rubani anahitaji kuyaona maji anayotua. Anayewasili jua linapozama hulala Malé au jirani yake mpaka kesho, hata awe amelipa kiasi gani. Forodha nayo ina lake. Pombe hairuhusiwi kuingizwa nchini na msafiri. Chupa ikikutwa mkobani huzuiwa, na mwenyewe hurudishiwa siku ya kuondoka. Mgeni huyohuyo akifika hotelini huuziwa pombe mezani bila kificho. Wapo wageni wanaocheka jambo hili na kuliita kinyume cha mambo. Hata hivyo, Maldivi ni nchi ya Kiislamu, na kisiwa cha hoteli kimepewa ruhusa ambayo kisiwa cha wananchi hakina. Mgeni anatakiwa kuijua sheria hiyo. Hakuitwa kuja kuisahihisha.

Chumba chenyewe husimama juu ya nguzo zilizochimbiwa chini ya bahari. Huwa na kibaraza na ngazi ya kushukia majini, na mara nyingi kipande cha sakafu ni kioo, ili mgeni aone samaki akiwa amekaa kitini. Adabu ya kwanza mahali hapa ni sauti. Juu ya maji sauti haina ukuta wa kuizuia, na mazungumzo ya kibarazani usiku husikika nyumba ya tatu. Adabu ya pili ni kutojirusha majini kichwa mbele, kwa sababu bahari ikipwa kina hupungua na chini kuna mwamba. Ya tatu ndiyo nzito. Matumbawe yaonekanayo kama mawe ni wanyama hai, na unyayo mmoja huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe yakapauka, na sehemu kubwa sana ya yale ya maji mafupi yakafa. Mwaka 2016 yakapauka tena. Kwa hiyo mgeni huambiwa asikanyage, asilishe samaki mkate, wala asibebe kipande cha tumbawe kwenda nacho kwao, jambo ambalo sheria ya nchi pia inalikataza.

Maji yanayotoka bombani chumbani ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo, na mitambo hiyo kwa kawaida huendeshwa kwa umeme wa jenereta za dizeli. Taulo linalotupwa sakafuni kila asubuhi bila kuchafuka lina gharama isiyoonekana kwenye ankara. Nyuma ya kila taulo yupo pia mtu. Wafanyakazi wengi wa hoteli hizi wametoka Bangladesh, India na Sri Lanka, na hukaa miezi mingi bila kuziona familia zao. Mgeni muungwana huwasalimu kwa majina, na huweka kibao mlangoni kuonyesha saa ambazo chumba kinaweza kusafishwa, ili mhudumu asirudi mara tatu juani. Ankara huongezwa ada ya huduma ya asilimia 10, nao wageni wengi hudhani kwamba wameshashukuru.

Kisiwa cha wananchi ni habari nyingine. Huko mgeni hufunika mabega na magoti, na nguo za kuogelea huvaliwa kwenye ufukwe uliotengwa kwa ajili hiyo. Mchana wa Ramadhani hali hadharani. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita Kilwa mwaka 1331, alifika visiwa hivi zaidi ya miaka kumi baadaye, akafanywa kadhi. Alijaribu kuwaamuru wanawake wa huko wavae kama alivyoona yeye kuwa inafaa, akashindwa, na habari hiyo imo katika simulizi ya safari zake. Leo wenyeji ndio wanaomwomba mgeni ajifunike.

MASWALI NA MJADALA WA MAJIBU

1. Kwa nini nyumba za juu ya maji zilijengwa Raiatea? (alama 2)

Jibu: Kwa sababu mahali pale hapakuwa na ufukwe mzuri wa mchanga ambao mgeni angeutumia kuingia baharini. Swali ni jepesi, lakini mtahiniwa aliyesoma haraka huandika “ili mgeni aone samaki kupitia kioo”. Hilo limo kwenye kifungu, ila limo kwenye aya ya tatu na linaeleza jambo jingine. Kuwamo kwenye kifungu hakufanyi jibu kuwa sahihi.

2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) ikipwa (b) ankara (c) yakapauka. (alama 3)

(a) Bahari “ikipwa” maana yake maji yakirudi nyuma na kupungua. Wanafunzi wa pwani hili mnalijua tangu utotoni. Wa bara, tazameni maneno yaliyolizunguka, “kina hupungua”. (b) Ankara ni hati inayoonyesha fedha anazodaiwa mteja. Ukiandika “risiti” unakosa, kwa kuwa risiti hutolewa baada ya malipo. (c) Yakapauka: yakapoteza rangi yake na kuwa meupe. Angalia kuwa umeombwa maana na si sentensi. Mtahiniwa anayetunga sentensi nzuri bila kutoa maana amefanya kazi ya swali jingine.

3. Taja mambo mawili anayotakiwa kufanya mgeni katika kisiwa cha wananchi ambayo halazimiki kuyafanya katika kisiwa cha hoteli. (alama 2)

Majibu yako aya ya mwisho: kufunika mabega na magoti, kuvaa nguo za kuogelea kwenye ufukwe uliotengwa tu, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani. Umeombwa mawili. Andika mawili uendelee na safari.

4. Mwandishi ana msimamo gani kuhusu sheria ya pombe ya Maldivi? (alama 3)

Hapa ndipo nataka tukae. Nilipolitoa swali hili katika jaribio la darasani, wengi waliandika “mwandishi anapinga pombe”. Wengine waliandika “mwandishi anaona sheria hiyo ni ya kinafiki”. Wote walikosa, na makosa yao yana chanzo kimoja: walijiuliza wao wanaonaje.

Rudi kwenye aya ya pili. Nani anayecheka na kuiita sheria “kinyume cha mambo”? Ni “wapo wageni”. Mwandishi anaripoti maneno ya watu wengine. Kisha linakuja neno dogo lenye kazi kubwa, “hata hivyo”. Neno hilo humtenga mwandishi na waliotajwa kabla yake. Baada ya hapo ndipo anaposema lake: mgeni anatakiwa kuijua sheria, hakuitwa kuja kuisahihisha. Kwa hiyo jibu ni kwamba mwandishi anaona mgeni anapaswa kuifahamu na kuiheshimu sheria ya mwenyeji hata kama anaiona ya ajabu. Kuhusu pombe yenyewe, kama ni nzuri au mbaya, mwandishi hakusema lolote, nawe usimsemee. Jifunze kuviwinda viunganishi kama “hata hivyo”, “lakini”, “ilhali” na “ingawa”. Msimamo wa mwandishi hujificha hapo.

5. Ni methali gani inayofaa kuelezea kifungu hiki? Toa sababu. (alama 3)

Jibu linalokuja kwa kasi ni “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe”. Lina neno mgeni, basi mtahiniwa anaridhika. Lakini mgeni wa kifungu hiki analipa kila siku anayolala. Hakuna atakayempa jembe siku ya tatu, wala ya kumi. Methali hiyo inamhusu mgeni anayekula bure kwa mwenyeji. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” inakaribia, kwa kuwa utalii huwapa watu riziki, ila kifungu hakizungumzii faida ya mwenyeji. Ninayoikubali mimi ni “Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho”. Sababu: mgeni anaambiwa afuate utaratibu wa mahali alipo, kuanzia sauti ya kibarazani hadi mavazi ya kisiwa cha wananchi. Ukitaja methali bila kuifungamanisha na kifungu namna hiyo, usitegemee alama zote tatu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anahudumu katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki wa Unguja, alinisimulia jinsi wageni wanavyookota kiti cha pweza na kukiinua juani wapige nacho picha, nacho hakiwezi kuishi nje ya maji. Kazi yake, anasema, ni kumzuia mgeni bila kumwaibisha. Humwambia: “Samahani bwana, huyu akitoka majini atakufa. Karibu tumtazame hapahapa.” Nimeitoa sentensi hiyo kwa sababu mnasoma pia rejesta. Vitabu vyetu vimezoea “Wali kuku nani?” na “Mimi chai maziwa”, ambayo ni rejesta ya mgahawa wenye haraka. Katika hoteli ya kulala wageni wa mbali, lugha hubadilika: huomba radhi kwanza, hutaja sababu, kisha hutoa pendekezo mahali pa katazo. Ukiulizwa kutofautisha rejesta mbili za mazingira yanayofanana, mfano huu utakufaa.

6. Fupisha aya ya nne kwa maneno yasiyozidi 45. (alama 7)

Anza kwa kutafuta hoja, usianze kwa kukata maneno. Aya hii ina hoja nne: maji na umeme vina gharama, wafanyakazi wako mbali na kwao, mgeni awasalimu na awapangie muda wa usafi, ada ya huduma si shukrani. Majina ya nchi tatu ni mifano, yaache. Taulo nalo ni mfano. Mimi nimeandika hivi:

“Maji ya bomba hotelini ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa umeme wa dizeli, hivyo mgeni asiyafuje. Wafanyakazi, wengi wao wageni nchini, hukaa mbali na familia zao kwa miezi. Mgeni awasalimu, aheshimu muda wao wa usafi, na asidhani ada ya huduma inatosha kuwa shukrani.”

Ni maneno 43. Yahesabu mwenyewe, na uandike idadi chini ya ufupisho wako. Zingatia pia kwamba katika kifungu maneno ya mwisho, “hudhani kwamba wameshashukuru”, yana kejeli. Kejeli haifupishwi kama ilivyo. Unatoa maana yake, ndiyo maana nimeandika “asidhani”.

ZOEZI LA KUJIPIMA

(a) Andika kichwa cha kifungu kwa maneno yasiyozidi matano. Usitumie “Mgeni Juu ya Maji”.

(b) Kwa nini mwandishi amemtaja Ibn Battuta mwishoni? Jibu kwa sentensi mbili.

(c) “Ya tatu ndiyo nzito.” Eleza nini kilicho kizito na kwa nini, ukitumia ushahidi wa aya ya tatu pekee.

(d) Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 60.

(e) Tunga mazungumzo mafupi kati ya mhudumu wa hoteli na mgeni anayepiga kelele kibarazani saa sita usiku. Mhudumu amnyamazishe bila kumvunjia heshima.