SOMO LA ROBO HII: JICHO HUPOKEA, UBONGO HUJIFUNZA



Katika Marko 8:22-25 tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Yesu alipomgusa mara ya kwanza, aliona watu wakitembea, lakini kwake walifanana na miti. Mwanga ulikwisha kuingia, maumbo hayajatambulika. Kuona kuna hatua mbili: jicho hupokea mwanga, ubongo hutambua maumbo.

Mwaka 1958, huko Baltimore, Marekani, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walipima seli moja moja za ubongo wa paka. Walimwonyesha madoa kwa kutumia vioo, seli haikuitikia. Walipoingiza kioo kingine, ukingo wake ulitupa kivuli cha mstari, na seli ikaitikia kwa nguvu. Ndipo wakagundua kuwa zipo seli za mstari uliosimama, za uliolala na za ulioinama. Nyingine huitikia kitu kinachokwenda upande fulani tu. Sehemu nyingine za ubongo huunganisha taarifa hizo hadi tukatambua herufi au uso wa mama. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Walionyesha pia kuwa jicho la paka mchanga likifungwa miezi ya mwanzo, hata likifunguliwa baadaye halioni vizuri, ingawa lenyewe ni zima. Ubongo haukujifunza. Ndivyo ilivyo kwa binadamu. Mtoto mwenye makengeza au ugonjwa wa mtoto wa jicho asipotibiwa mapema, ubongo huliacha jicho hilo, na upasuaji wa ukubwani haurudishi yote. Kwa hiyo nauli ya mtoto kwenda kliniki ya macho, kama ile ya KCMC Moshi, isisubiri mavuno.

Dalili za kuangalia:

1. Weupe ndani ya mboni. Apelekwe hospitali mara moja, kwani huweza kuwa hata saratani.
2. Macho yasiyoelekea pamoja.
3. Mtoto hulia au kusukuma mkono ukimfunika jicho moja, lakini la pili hajali.

Maswali ya kujadili:

1. Nani katika usharika wetu huwaangalia watoto macho, labda siku ya ubatizo au Shule ya Jumapili?
2. Je, mfuko wa diakonia unaweza kutoa nauli wiki hiyo hiyo?

Bwana awabariki.