Jua Haki Yako ya Uzazi Kabla ya Saa ya Dharura

Ilikuwa Julai, baridi ya Nyeri imekaza, nami nimesimama nyuma ya msichana kwenye kaunta ya kemisti. Kofia ya jaketi ilimfunika hadi kwenye nyusi. Kila mteja alipoingia, alimpisha, akajifanya anasoma maandishi ya sabuni. Tulipobaki wawili alinong'ona: "P2." Akapewa, akalipa, akatoka. Hakuuliza, wala hakuambiwa, kwamba vidonge hivyo vya dharura vya kuzuia mimba havikingi virusi vya HIV.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Haki hiyo ni ya komredi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, cha Karatina, cha Kirinyaga pale Kutus na cha Chuka. Ila mficha uchi hazai. Fanya haya mapema, kabla hujabanwa.

1. Jua pa kwenda. Wiki hii pitia kliniki ya chuo uulize: mna njia gani za kupanga uzazi? PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya hatari, ipo? Mnafunga saa ngapi? Wikendi nani yupo? Kliniki ikifungwa, aliye Nyeri aende hospitali ya rufaa ya kaunti. Hospitali za Kanisa Katoliki kwa kawaida hazitoi sindano wala vidonge vya kupanga uzazi, basi kwa hizo usipoteze muda huko.

2. Sema waziwazi. "Nataka ushauri wa kupanga uzazi, na ningependa tuzungumze faraghani." Ukishatimiza miaka 18 huhitaji ruhusa ya mzazi wala ya mume. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu atunze siri yako, hata kama nesi huyo anaimba kwaya moja na mama yako.

3. Hesabu saa. PEP huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. P2 humezwa ndani ya siku 5, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Haiondoi mimba iliyokwisha kutunga. Ukijikuta unainunua mara kwa mara, uliza kuhusu sindano ya miezi 3, kijiti au koili. Katika njia zote za kupanga uzazi, kondomu pekee ndiyo hukinga mimba na maambukizi kwa pamoja.

4. Ukibakwa, hospitali kwanza. Usioge, usifue nguo; zitie kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Hospitali ya umma inapaswa kukutibu bila malipo hata kabla hujapiga ripoti. Hakikisha fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, imejazwa. Ukiripoti, polisi watakupa nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na fomu ya P3 ya uchunguzi wa daktari, nayo hailipiwi. Nambari 1195, ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, hupigwa bure, usiku na mchana. Haya yote yanamhusu mvulana vilevile.

5. Ukipata mimba, usikimbie chuo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kubaguliwa kwa sababu ya ujauzito. Ukihitaji kupumzika, omba kwa barua kuahirisha muhula, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Katiba hairuhusu kutoa mimba ila mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Lakini ukivuja damu, kwa sababu yoyote ile, kimbilia hospitali: hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu ya dharura.

Leo usiku, fanya mazoezi na mwenzako wa chumba. Mmoja awe nesi, mwingine aombe huduma. Rudieni mpaka maneno yatoke kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba Panadol.