DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 23: Nguo ya Idi na hesabu yake 🌙



Ndugu zangu, tumo katika kumi la mwisho. Usiku tunatafuta Laylatul Qadr, mchana tunatafuta nguo za Idi. Leo tuzungumze hilo la pili.

Aya ya 31 ya Suratul A'raf wengi tunaikumbuka kwenye futari, kwa sababu inakataza israfu katika kula na kunywa. Lakini tazama inavyoanza: inaanza na mavazi. Inatutaka tujipambe tuendapo kuswali, na hapo hapo inakataza kupita kiasi. Basi kupendeza si dhambi. Kosa ni kuvuka mpaka.

Na sunna ya Idi, kama wanavyofundisha wanazuoni, ni kuvaa nguo nzuri kuliko zote *ulizonazo*. Si sharti iwe mpya. Baba, usiingie deni kwa ajili ya kanzu. Mama, kama gauni la mtoto la mwaka jana bado linamtosha, lifuliwe, lipigwe pasi, kifungo kirudishwe. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Sisi zipu ikikatika tu, suruali jalalani!

Mtu atasema: "Sheikh, pesa si yangu?" Ni yako, lakini nguo ina hesabu kubwa kuliko bei yake. Fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji mpaka ikamilike. Polista nayo inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, haiozi upesi. Ukiitupa leo, wajukuu wataikuta mtaroni.

Halafu kuna roho za watu. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka. Nyufa zilionekana siku moja kabla, lakini mafundi wakaamriwa warudi kazini. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake, wakishona nguo za bei rahisi za kuuzwa Ulaya na Marekani. Nguo kama hizo huvaliwa mara chache huko, zikachosha, na nyingine zikatufikia sisi ndani ya belo la mitumba.

*Wenye biashara:*
1. Mlipe fundi wako kwa wakati. Mtume (s.a.w.) ametuagiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Usimwambie "njoo baada ya sikukuu". Na yeye ana watoto.
2. Usifiche kasoro. Kitambaa kinachuja? Mwambie mteja. Anayeghushi si katika sisi.
3. Kubali kazi ya kurekebisha: kupunguza, kuongeza, kutia kiraka. Ni riziki ya halali, na vipande vinavyobaki vinatoa foronya na kofia.

*Wanunuzi:*
1. Kabla ya kununua, jiulize utaivaa mara ngapi. Nguo moja imara ni bora kuliko tatu za kufuliwa mara mbili tu.
2. Mitumba si aibu, ila usirundike kwa sababu ni rahisi. Israfu ya bei ndogo bado ni israfu.
3. Ukitoa sadaka ya nguo, toa iliyo safi na nzima. Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kilicho kibovu tukakitoa. Na kumbuka, nguo haichukui nafasi ya Zakatul Fitr.

*Kazi ya leo:* Baada ya Alasiri fungua kabati. Tenga mafungu matatu: za kuvaa, za kwenda kwa fundi, za kutoa. Za kutoa zifikishe *kabla* ya Idi, ili mwenzio naye asimame safu moja na wewe akiwa amependeza. Ukimaliza, ndipo ujue kama kweli unahitaji kwenda dukani.

Allah atukubalie funga zetu, atuvishe vazi la ucha Mungu, na awape haki yao wote wanaotushonea. Amin.

Mfikishie na mwenzio.