Kukoroma Usiku: Mara Nyingine Ni Ugonjwa

Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, mtu akoromaye husemwa kwamba amepata usingizi mzito, na asubuhi wenziwe humcheka. Mara nyingi hapana madhara. Mafua, uchovu au kulala chali huweza kumkoromesha mtu mwenye afya njema. Lakini iko namna moja ya kukoroma isiyofaa kuchekwa. Mkoromo hukatika ghafula, kimya huingia, kisha mlalaji hushtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyezama majini akaibuka. Huyo hana usingizi mzito hata kidogo. Usingizi wake hukatwakatwa usiku kucha, na mwenyewe hana habari.

Sababu yake ni hii. Mtu alalapo, nyama za koo na ulimi hulegea. Ikiwa njia ya pumzi ni nyembamba, kwa unene wa shingo, umbo la taya au uvimbe wa mafindofindo, nyama hizo huiziba. Kifua hujitahidi, hewa haiingii, na oksijeni hupungua katika damu hata ubongo umwamshe kidogo apate kupumua. Kwa mtu mzima, madaktari huhesabu kila kukatika kwa pumzi kunakodumu sekunde 10 au zaidi. Kukifika mara 30 kwa saa moja, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Kwa watoto wa pande za Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria imekaa huko tangu zamani, na mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo urithi huo umeenea sana. Aliyeurithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu, hasa zinapokosa oksijeni, zikaziba mishipa midogo, na kuleta maumivu makali ya mifupa, pengine hata kiharusi. Wengi wa watoto hao wana mafindofindo makubwa. Basi mtoto wa selimundu ambaye pumzi yake hukatika kila usiku hupungukiwa na kitu kile kile ambacho damu yake haiwezi kukosa.

Daktari wa kliniki hamwoni mtoto akilala. Mama au bibi ndiye amwonaye. Yampasa kueleza kama mtoto hukoroma siku nyingi za juma, hulala kinywa wazi na shingo imepinda nyuma, hutoka jasho jingi, au amerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha. Mtoto mwenye ugonjwa huu huenda asisinzie mchana kama mtu mzima. Huwa mtukutu, hasikii darasani, naye huchapwa bure kwa kosa lisilo lake.

Asipelekwe kwa mkata kimio. Desturi hiyo ingaliko katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nayo imeleta kutokwa damu na kuoza kwa kidonda, wala mafindofindo hubaki pale pale. Hospitali kuu za Homa Bay na Migori ndizo za kuanzia, na kutoka huko mtoto huweza kutumwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kuyaondoa mafindofindo huwaponya watoto wengi. Lakini daktari aambiwe mapema habari ya selimundu, kwa maana mara nyingi mtoto huyo huongezwa damu kabla ya kupasuliwa. Akitokwa damu kooni baada ya kurudi nyumbani, hata siku ya saba, arudishwe mara moja.

Kwa watu wazima, dalili ni kichwa kizito asubuhi na kusinzia mchana. Ugonjwa huu hupandisha shinikizo la damu na kuongeza hatari ya kiharusi. Dereva wa lori atokaye Isebania kupitia Migori na Rongo, akisinzia kwenye usukani, huwahatarisha na wengine. Kupunguza unene, kuacha pombe jioni na kulala ubavu husaidia wengi. Dawa za usingizi zisitumiwe bila idhini ya daktari, maana huzidi kulegeza koo.

Ugonjwa ukiwa mkali, iko mashine inayosukuma hewa puani kwa bomba na kuizuia njia isizibe. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza mwaka 1981. Zile za kwanza zilitumia mota ya chombo cha kufyonza vumbi. Mashine hiyo haiponyi, bali husaidia usiku ule inapovaliwa, nayo yahitaji umeme. Bei yake ni kubwa kwa wakulima na wavuvi walio wengi, kwa hiyo anayeandikiwa aulize kwanza hospitalini kama chombo cha kuvaliwa mdomoni, kinachovuta taya mbele, kingemfaa.