Somo la Afya: Upungufu wa Damu kwa Mgonjwa wa Saratani na Chembe Ndogo za Chuma

Mgonjwa wa saratani anapoishiwa pumzi kwa mwendo mfupi, jamaa zake hudhani ni saratani yenyewe. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa damu, hali inayopimika na kutibika. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye hemoglobini, yaani wekundu wa damu, chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu. Kwa mwanamke asiye mjamzito ni chini ya gramu 12.

Sababu ni kadhaa. Saratani ya mlango wa kizazi huweza kumvujisha mgonjwa damu. Tibakemikali hudhoofisha uboho unaotengeneza seli nyekundu. Aidha, uvimbe huchochea ini kutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kupita utumboni na kutoka katika akiba ya mwili. Ndiyo maana vidonge vya chuma huweza kumezwa kwa miezi bila manufaa.

Hapo ndipo chembe za nano zinapoingia. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Katika dawa hizi, kiini cha chuma hufunikwa kwa ganda la sukari, kisha hupitishwa kwenye mshipa bila kutegemea utumbo. Seli za kinga za ini na bandama humeza chembe hizo na kuachia chuma polepole. Mfano ni ferumoksitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, kwanza kwa wagonjwa wa figo. Baadhi ya chembe nyingine za kusafirisha dawa zingali katika utafiti.

Tiba hii ina masharti. Huweza kuleta mzio mkali, hivyo hutolewa mahali penye wataalamu na vifaa vya dharura. Haimfai asiyepungukiwa chuma, kwani chuma kikizidi hudhuru ini na moyo. Wala haichukui nafasi ya kuongezewa damu kwa mgonjwa aliye hatarini.

Wananchi wanashauriwa kutonunua dawa za kuongeza damu bila vipimo. Mgonjwa mwenye uchovu usioisha, weupe wa viganja au mapigo ya moyo kwenda mbio afikishwe kituo cha afya apimwe wekundu wa damu, na majibu yapelekwe kwa daktari anayemtibu saratani. Kwa jamaa mwenye afya njema, kuchangia damu kungali msaada usio na mbadala.