Kompaila Hutafuta Wapi?

Mwaka jana nilitunga programu ya kuhesabu mishahara ya vibarua. Kompaila ikaikubali bila neno, lakini kila kibarua akapunjwa saa moja kwa siku. Nilikesha mara mbili nikikagua hesabu, kumbe hesabu haikuwa na kosa.

Katika lugha ya C, amri ya #include huleta faili la kichwa. Jina likiwa kati ya alama " ", gcc hutafuta kwanza katika folda ya faili linaloita. Lisipokuwamo, huenda kwenye folda ulizozitaja kwa -I, moja moja tangu kushoto, kisha folda za mfumo kama /usr/include. Ukitumia < >, folda ile ya kwanza hurukwa. La kwanza kuonekana ndilo lichukuliwalo, haitafuti tena.

Basi mimi nilikuwa na config.h mbili katika folda mbili za -I: la zamani la saa 8, na jipya la saa 9. La zamani nililitanguliza! Kompaila haionyi, maana jina limelingana. Ni gcc -H iliyonifumbua macho, kwa kuonyesha njia ya kila faili lililofunguliwa. Vibarua walilipwa saa zao Jumamosi iliyofuata.